Mitego Sita na Shela Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamka kabla yake ili nimtazame akiwa amelala. Anakoroma kidogo. Hata kukoroma kwake kuna mpangilio! Ana rangi ya bluu nyuma ya sikio tangu juzi. Sikuifuta. Nimeizoea, nimeipenda.

Habari kubwa. Laazizi wangu ni mchoraji wa mabango. Mji mzima unamwita Fundi Herufi. Hivi karibuni Ofisi ya Uvuvi ilimpa kazi ya kuandika ubao wa sheria pale gatini, kwa watu wanaovua kaa kwa kujifurahisha tu. Sasa wanataka ubao kama huo kwenye kila gati. Kazi ya mwaka mzima! Tungehama chumba hiki, ambamo ukitaka kufungua kabati lazima mwenzio apande kitandani kwanza. (Sisemi kwamba tunalalamika.) Ila Bwana Samaki, ndivyo watu wanavyomwita mkuu wa ile ofisi, bado hajaamua. Laazizi amemkaribisha chakula cha mchana Jumapili.

Nimemuuliza mgeni anapenda nini. Akasema, bila hata kufikiri: kaa.

Basi, kaa atakula! Na si kaa wa kununua. Mke anayenunua kaa ni mke wa kawaida. Nitawavua kwa mkono wangu na Laazizi hataambiwa neno mpaka sahani ziwe mezani.

Wifi yangu, dada yake Laazizi, ni mshonaji na anakaa chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta mmoja, na masikio yake yote mawili yako upande wetu. Amekuja kuazima pasi, akasema yeye angepika kuku na mambo yaishe. Nikamwambia nitavua kaa. Akacheka mpaka akaiweka pasi chini. "Wewe, wifi? Juzi ulimkimbia panzi!"

Yule panzi alikuwa mkubwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda gatini kuusoma ubao. Nimeusoma mara tatu.

Jamani, ile herufi M! Ina mkia unaoshuka na kujikunja kama moshi wa uvumba. Ile K imesimama mguu mmoja mbele, kama mtu anayeomba kucheza. Pembeni ameweka maua madogo ya njano, na kwa yale maua najua alikuwa ananiwaza mimi, kwa sababu aliuandika wiki tuliyochumbiana. Machozi yamenitoka hadharani.

Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuvulia akaniuliza ubao unasemaje kuhusu nyavu. Nikamwambia umeandikwa na mume wangu. Akauliza tena. Nikamwonyesha ile M. Akaenda zake.

Nimerudi nyumbani na mpango. Harusini watu sita, kila mmoja peke yake, waliona kwamba tunachokosa maishani ni kikapu cha plastiki cha kuwekea nguo chafu. Vikapu sita, vyote na vifuniko! Nimekata mdomo ubavuni mwa kila kimoja, nimefunga jiwe chini na kichwa cha samaki ndani. Kaa anaingia, hatoki. Matundu ya pembeni hata kidole changu hakipiti. Hakuna wa kuponyoka, mkubwa wala mdogo.

Mimi nina akili. Sijui kwa nini mwalimu wetu wa hesabu hakuliona.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Laazizi ameshinda akichora ukuta wa gereji. Nimechukua brashi yake ndogo nikaandika kwenye chupa tupu za mafuta ya kupikia, ziwe maboya ya mitego yangu. Nilitaka kuandika "mtego". Mkono ukaandika jina lake! Fundi Herufi, na moyo mwekundu ubavuni. Chupa zote sita. Zimeelea pale majini zimejipanga, jina la mpenzi wangu linacheza na mawimbi. Nimekaa nazitazama mpaka jua limenichoma shingo.

Wifi naye alikuwepo. Ana mtego mmoja wa waya, mtego mmoja tu, masikini! Una kijidirisha pembeni ambamo kaa wadogo wanatokea wanavyotaka. Nikamwambia mtego wake umetoboka. Akasema ndivyo unavyotakiwa kuwa. Shingoni alikuwa na tepu yake ya kupimia nguo. Kila kaa aliyemtoa alimpima mgongo kama anayemshonea koti, akaguna, akamrudisha majini. Kazi ya asubuhi nzima, kaenda na kaa mmoja.

Akaniuliza kama nimeusoma ubao. Mimi! Mke wa mwandishi! Nimenuna mpaka jioni.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mavuno ya kwanza. Kaa tisa. Ni wadogo, lakini wana uchangamfu. Mmoja ana kitu cha rangi ya machungwa kimejazana tumboni, kama kifungashio cha zawadi. Huyo nitampa Bwana Samaki mwenyewe.

Tisa hawatoshi. Kaa wadogo ni maganda matupu. Nimewaza wakati nikipiga deki, nikawaza nikipepeta mchele, na nilipofungua kabati (nikiwa juu ya kitanda) jibu likaniangukia kichwani. Shela langu la harusi!

Refu, jepesi, matundu madogo kama chujio. Lilimnasa mwanamume mzima, kaa ni nani? Nimelifunga kati ya nguzo mbili za gati, chini kabisa, maji yapite na kaa wabaki. Lilivyokunjuka ndani ya maji! Shanga zake ziling'aa. Nilijiona tena nikiingia ukumbini.

Shanga hizo alizishona wifi, moja moja. Sikuona haja ya kumsumbua kwa habari hizi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kaa wengine kumi na wawili! Wote kutoka kwenye vikapu. Shela halipo.

Nguzo zipo, kamba ipo, shela hakuna. Nimewauliza wavuvi wa fimbo. Yule mzee wa juzi akanitazama kwa huruma akasema huenda limekwenda kuolewa kwingine. Mtu mzima hovyo.

Namshuku wifi. Leo amenisalimia vizuri mno.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mitego nayo imeibwa! Yote sita, na chupa zake zenye jina la mpenzi wangu. Mji huu umejaa wezi. Nimemwambia wifi hivyo hivyo, nikimkazia macho. Akasema pole, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Mwizi aliyekubuhu.

Si kitu. Kaa ninao. Niliwaficha kwenye beseni chini ya kitanda, nikafunika kwa khanga iliyolowa maji. Asubuhi Laazizi alikuwa anatafuta kandambili kwa mguu. Akapiga ukelele. Kisha akacheka, akasema kumbe mke wangu una kucha! Nikacheka naye huku nikimkanyaga kaa arudi chini. Kidole chake kimevimba. Nimekibusu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

 Nitaanza mwanzo.

Bwana Samaki alikuja na mfuko wa turubai, akauweka karibu na kiti. Mtu mpole, miwani imefungwa uzi. Wifi naye alikuwepo, huwezi kumtoa. Nikaleta kaa. Laazizi akanitazama kama siku ile ukumbini. Nikasema kwa sauti kwamba nimewavua mwenyewe, wote ishirini na mmoja.

Mgeni alionja mchuzi, akasifu. Kisha akaokota gamba moja, akaliweka kwenye kiganja chake. Lilionekana dogo ghafla. Akatoa mfukoni kipimo cha shaba, akapima. Akapima la pili. Akapima la tatu. Alipofika kwa yule wangu wa machungwa hakupima, alivua miwani. Akasema, taratibu kabisa, kwamba huyu alikuwa mama, na hayo yalikuwa mayai.

Hakuna aliyetafuna.

Akafungua mfuko wa turubai. Akatoa chupa. Jina la Laazizi, moyo mwekundu. "Fundi," akasema, "boya hili ni lako?"

Laazizi aliitazama ile chupa. Akautambua mwandiko wangu; ule moyo niliukosea upande mmoja. Naye hakujua lolote, maskini, hakujua hata kama kuna mitego! Akasema: "Ndiyo, mzee. Ni langu."

Niandike nini zaidi? Wapo wake wanaopewa maua.

Mgeni akasema basi alikuwa na mitego sita wakati sheria inaruhusu miwili, na hakuna hata mmoja wenye tundu la kutokea wadogo, na aliyeivunja sheria ni mtu aliyeiandika kwa mkono wake. Akasema haoni vipi atampa kazi ya magati mengine. Kisha akatoa kitu cheupe kilichoshika magugu ya bahari. Akauliza, na hiki nacho?

Nilimwomba wifi kwa macho. Nilimkonyeza, nilimkanyaga. Lakini alishaziona zile shanga. Alilinyakua. "Nani kaichana kazi yangu? Usiku na mchana nilishona hizi! Huu mshono wangu huu! Wifi, ulikuwa unavua kwa shela?"

Nikasimama. Nikasema vikapu ni vyangu, chupa ni zangu, shela ni langu, kosa ni langu, mume wangu alikuwa gereji. Nikasema wala mimi si mtu wa kudharau sheria, ubao nimeusoma mara tatu mpaka nikalia.

Bwana Samaki akaniuliza unasemaje kuhusu nyavu.

Nikafumba macho nikauona wote. Nikamwambia M ina mkia. Nikamwambia K inaomba kucheza. Nikamwambia maua ni ya njano, na kuna moja limezidi petali. Nikafumbua macho. Kumbe hilo halikuwa jibu.

Wifi akaficha uso ndani ya shela.

Mgeni alivaa tena miwani yake. Halafu akasema kuna jambo limekuwa likimshangaza. Watu wanasimama mbele ya ubao ule, wanapiga picha, wanasifu, halafu wanashuka kutandaza nyavu chini yake. Akamgeukia Laazizi akasema: "Fundi, umeandika vizuri kupita kiasi." Akaamua hivi. Laazizi aandike ubao mwingine, herufi za kawaida, hakuna mkia, hakuna ua. Jumatano mimi nitasimama mbele yake na kuusoma mara moja, kisha nigeuke na kutaja sheria zote. Nikizitaja, kazi ni yake. Nikikosea moja, wataagiza vibati vilivyochapwa.

Vikapu vyangu vimetaifishwa. Mchuzi aliumaliza lakini, kwa mkate.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Laazizi anaandika herufi za kawaida. Anaonekana kama mtu anayemnyoa mwanawe nywele nzuri. Hakunigombeza. Nilimsihi anigombeze kidogo; akasema atanigombeza akipata nafasi. Haruhusu nione ubao kabla ya Jumatano. Anasema lazima iwe haki.

Ninampenda, lakini haki yake hii inatia hasara.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kwa wifi kuomba anitajie sheria. Yuko anashona shela, pini zimejaa mdomoni. Akanitajia na pini zote mdomoni. Nikaziandika mkononi, kuanzia kiwiko hadi kidole gumba, kwa kalamu ya wino. Mtihani nimeushinda kabla ya kuuona!

Kisha nikafua. Kwa ndoo, maana vikapu sina. Nguo nyeupe za Laazizi sasa zina rangi ya samawati na mkono wangu ni msafi kabisa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ubao ni mbaya! Herufi nyeusi, nyeupe nyuma, zimesimama kama askari. Hakuna pa kupumzisha jicho. Nilitafuta mkia, hakuna. Nilitafuta ua, hakuna. Kwa kukosa pengine pa kutazama, nikajikuta nasoma maana.

Nikageuka. Laazizi alikuwa ameshika brashi kavu kwa mikono miwili. Wifi alikuwa anatafuna tepu yake. Nikataja: mitego miwili kwa kila mtu. Kila boya liwe na jina la mwenyewe. Kila mtego uwe na tundu la kutokea wadogo. Wavu wa kutandaza ni marufuku, ruksa ni wavu wa mkono wa kuinua. Mwenye mayai arudishwe. Na gamba lisilofikia kipimo, majini.

Bwana Samaki akaniuliza nimesahau lolote. Nikasema nimesahau kuwa ubao umeandikwa na mume wangu. Akasema hapo ndipo alipotaka nifike. Akampa Laazizi mkono. Magati yote! Wifi akapiga kigelegele, yule mzee wa fimbo akadondosha chambo.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Tumekwenda kutazama chumba cha kupanga chenye kabati linalofunguka. Wifi ameleta shela. Limekuwa fupi kidogo lakini zuri, shanga zote zipo. Amesema nimtunzie binti yangu, na nikilipeleka baharini tena atanishonea mdomo.

Binti yangu! Nimelishika nikawaza. Kisha nikarudi gatini peke yangu, nikausoma ubao tena, polepole, kama mtu mwenye elimu yake.

Mitego miwili kwa kila mtu. Kila mtu! Hausemi mtu mkubwa, hausemi mtu mdogo. Wanaopimwa ni kaa. Watu hawapimwi. Mtoto mmoja, mitego miwili. Pacha, minne. Na jina la kila mmoja kwenye boya lake, kwa mujibu wa sheria, na moyo ubavuni.

Nimerudi mbio nikamwambia Laazizi tusichelewe kupata watoto, tena tupate wengi. Amefurahi sana, amenibeba akanizungusha mpaka tukagonga kabati.

Sijamwambia habari ya mitego. Nataka iwe siri mpaka sahani ziwe mezani.