Kalenda ya Mpira wa Rejeta

Tone la kwanza lilimwangukia paka. Alikuwa amejilaza chini ya pikapu kuukuu ya fundi bomba mstaafu, akaruka kando kama mtu aliyetukanwa, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu kwa kinyozi wakaanza kubishana. Mmoja alisema mpira wa juu wa rejeta hautamaliza mwezi. Mwenzake akasema gari lile linavuja tangu yeye hajaoa, na sasa mwanawe wa kwanza ameota ndevu.

Ndani ya kibanda, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, Sabuni akafungua jicho moja.

Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu kila mkono uliowahi kumshika ulibaki mtupu. Watu wengine wakisikia ubishi husikia kelele. Sabuni husikia kiingilio.

"Wewe unasema utapasuka lini?" akauliza, kwa upole wa daktari.

"Kama tarehe kumi hivi."

"Na wewe, kaka?"

"Mwezi ujao, tena mwishoni."

"Mnaweza kuyasema hayo kwa maandishi?"

Kufikia jioni, kalenda ilikuwa imetundikwa dukani kwa fundi cherehani, mama ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa sababu hakuwahi kumrudishia mtu nguo iliyopungua hata kipande. Masharti yaliandikwa kwa mkono wa Sabuni mwenyewe. Unachagua tarehe, unatumbukiza kiingilio kwenye kopo la biskuti, na jina lako linaingia kwenye kisanduku cha siku hiyo. Mpira ukipasuka siku yako, hapa mtaani, mbele ya watu, kopo ni lako. Siku ikipita salama, pole yako.

Siku mbili zikapita, wakajitokeza watu wanne tu. Mtaa haukuwa wa wajinga, ulimjua Sabuni. Ndipo akaongeza zawadi: friji.

Friji yenyewe ilikuwa ya dada yake mkubwa. Ndiye aliyempa Sabuni chumba cha kulala, akimlisha kwa pesa za maji baridi na barafu alizouza dirishani. Siku hizo alikuwa amesafiri kumuuguza mama yao, na alisema angerudi mwisho wa mwezi.

"Sikiliza," Sabuni alimnong'oneza kinyozi. "Friji inatoka kwa mlango wa mbele, inarudi kwa mlango wa mbele. Hapo katikati imekwenda matembezi tu. Wewe unachukua tarehe ishirini na mbili, na mpira unapasuka tarehe ishirini na mbili."

"Umeongea nao?"

"Nitaongea nao ishirini na moja. Utaniazima wembe."

"Na dada akirudi mapema?"

"Dada hajawahi kufanya jambo mapema. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, mama mwenyewe anasema."

"Akikuta friji haipo, atakunyoa bila wembe."

"Akikuta haipo, sina pa kulala, na pengine sina meno," Sabuni alikubali. "Ndiyo maana itakuwepo."

Wanaume wanne waliibeba friji mchana kweupe kuipeleka dukani kwa fundi cherehani, wakapita nayo mbele ya geti la fundi bomba. Mzee alikuwa kibarazani akipiga brashi viatu vyake.

"Inakwenda kutengenezwa?" akauliza.

"Inakwenda kupumzika, mzee wangu," Sabuni akajibu, na mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa vizuri.

Baada ya hapo kalenda ilijaa. Mtaa ambao zamani haukujua tofauti ya rejeta na birika sasa ulijaa mabingwa. Muuza mitumba alipita kila asubuhi kubonyeza mpira. Mwalimu alileta miwani ya kusomea. Sabuni akasimama kando ya boneti iliyokuwa haifungi sawasawa, akafundisha bure.

"Msibonyeze katikati, katikati kuna siasa. Bonyezeni karibu na klipu, injini ikiwa baridi. Ukilia kama biskuti, umekauka. Ukibonyea kama ndizi iliyoiva, umeoza. Mkiona uvimbe, au ukoko mweupe pale kwenye klipu, andikeni wosia. Na kumbukeni, mpira hufa kuanzia ndani. Nje unabaki unang'aa, kama baadhi yetu."

Yote hayo yalikuwa kweli. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya Sabuni: ukweli aliuuza rejareja, uongo aliuuza kwa jumla.

Kila asubuhi mzee alitoka na funguo zake na kukuta migongo mitatu minne imeinama juu ya injini yake.

"Hamjambo wanangu. Mnatafuta nini humo?"

"Tunaangalia afya yake, mzee."

"Mkimaliza mfunge."

Siku moja mwalimu, ambaye roho yake ilikuwa nzuri kuliko tarehe aliyochagua, alimuuliza kwa nini asiubadilishe tu mpira huo kabla haujamwachia njiani.

"Nitaubadilisha siku yake ikifika," mzee akasema, akawasha gari.

Watu wakalichambua jibu hilo kama matokeo ya mtihani, na watatu wakaongeza kiingilio. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtu aliyekula miaka arobaini akitafuta uvujaji ndani ya kuta za wenzake hawezi kukosa kuona wa kwake mwenyewe.

Mke wa mzee naye alifika dukani, akachagua tarehe ishirini na nne. "Namjaribia bahati jamaa yangu wa mbali."

"Niandike jina gani, mama?" akauliza fundi cherehani.

"Andika hivyo hivyo. Jamaa wa mbali."

"Umechagua vizuri sana, mama," Sabuni akamsifu, huku akimwonea huruma kwa muda wa dakika mbili nzima. Hakuwahi kufikisha tatu.

Tarehe ishirini na moja, baada ya chakula cha mchana, mzee alipojilaza, Sabuni alijipenyeza chini ya boneti. Akaukata mpira upande wa chini, karibu na klipu, nusu ya unene wake. Ulikuwa mkato wa adabu, usiovuja leo, unaongoja kesho injini ipate moto.

Kesho yake mtaa ulitoa viti nje. Pikapu ikaondoka asubuhi. Ikarudi na mifuko ya saruji. Ikapanda mlima wa sokoni, ikashuka, ikapanda tena. Jua lilipozama iliingia nyumbani kimya kama baiskeli.

Kinyozi alimtazama Sabuni. "Mliongea lugha moja, wewe na huo mpira?"

Asubuhi yake Sabuni alikwenda kupapasa. Mpira ulikuwa palepale, umejaa vumbi, na chini yake, karibu na klipu, ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Mkato haukuwepo. Akapapasa mpira wa chini. Akapapasa mkanda wa feni. Akajipapasa mfukoni, wembe upo.

"Wembe wako ni butu," akamlalamikia kinyozi.

"Wembe wangu ndio uliokunyoa. Butu ni kitu kingine."

Akakimbilia kwa fundi cherehani, akamwomba wafute kila kitu na friji irudi nyumbani, eti watu wanaharibika kwa kamari. Mama yule alikuwa ameizoea friji. Ndani yake mlikuwa na chupa zake sita.

"Masharti ni yako, mwandiko ni wako," akasema bila kuinua macho kwenye pindo. "Mwezi ukiisha haujapata mshindi, njoo tuzungumze."

Tarehe ishirini na nne, saa kumi jioni, pikapu ilikata kona ya mtaa. Ilipofika mbele ya duka la cherehani, kitu kikasema *pfff*, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maneno, na mvuke mweupe ukafunika kioo, duka, mwalimu na miwani yake.

Mzee alishuka bila haraka. Mkono mmoja dumu la maji, limejaa. Mwingine bisibisi. Chini ya kwapa mpira wa rejeta.

"Mambo gani haya," Sabuni akapasua umati. "Hii haihesabiwi. Mzee amecheza mchezo. Ameurudisha ule mpira wa zamani wenye mkato."



"Mkato gani?" akauliza fundi cherehani.

Boneti ilikuwa bado haijafunguliwa.

Sabuni, aliyewahi kumuuzia mtu kiti ambacho mtu huyo alikuwa amekikalia, akarudi nyuma hatua moja. Mzee akafunua boneti, akangoja mvuke upungue, akaufungua mpira na kuugeuza ili wote waone mkato ulionyooka kama mstari wa rula. Kisha akafuta ule wa kwapani kwa kitambaa. Vumbi la jivu alilolipaka likatoka, ukabaki mpya kabisa, unang'aa.

"Huu ndio mliokuwa mkiubonyeza tangu juzi," akasema. "Hongereni, hakuna aliyegundua. Wa zamani nimeurudisha hapo kwenye kona tu."

"Na tarehe ishirini na nne ni ya nani?" mwalimu akauliza.

Fundi cherehani akasoma kwenye kalenda. "Jamaa wa mbali."

Ndipo mlango wa pili wa pikapu ukafunguka, akashuka mwanamke na begi la safari. Mzee ndiye aliyempigia simu siku ile ile friji ilipopita mbele ya viatu vyake, na ndiye aliyekwenda kumpokea stendi.

"Shikamoo, dada," Sabuni akasema.

"Marahaba. Mama anakusalimu. Friji yangu imeshapumzika?"

Dada, yule jamaa wa mbali, akapokea kopo, akalipia mpira wa mzee papo hapo, kisha akawageukia majirani. "Kila aliyeandikwa kwenye kalenda, maji baridi ya bure dirishani kwangu mpaka mwezi uishe."

"Mimi pia, dada?"

"Wewe umeandikwa wapi?"

Sabuni akatazama kalenda. Kila mtu alikuwemo. Hata kinyozi.

Mzee alikaza klipu, akajaza maji, akashusha boneti, na kwa mara ya kwanza ikafunga vizuri. "Nilisema nitaubadilisha siku yake ikifika," akamwambia mwalimu. "Siku yake ni siku mtu mwingine anapoulipia."

Paka akarudi chini ya pikapu, akalala pakavu. Ng'ambo ya barabara wale wanaume wanne walikuwa wamekumbuka kwamba wana maumivu ya mgongo, kwa hiyo Sabuni aliisukuma friji peke yake juu ya mkokoteni, dada yake nyuma na begi mkononi, akimwambia kila hatua mbili apunguze mwendo, friji ya watu hiyo.