Chupa Kumi na Mbili za Mbegu ya Uyoga

Jumatatu, 1 Novemba 1954. Njombe.

Nimerudi kutoka Makambako juu ya lori la magome ya miti ya miwati. Mwili wote vumbi, lakini kichwa kinawaka! Nimemwona Mzungu akila uyoga wa mkebe. Uyoga! Umevuka bahari kwa meli! Binamu yangu Kristofa, mpishi wa hoteli ya pale njia panda, alinieleza kwamba mama mwenye hoteli anataka kupanda uyoga wake mwenyewe, ila mbegu anazoagiza Nairobi hufika zimekufa. Atakayemletea chupa kumi na mbili za mbegu hai atapewa baiskeli ya marehemu mumewe. Ina taa. Ina kengele!

Mimi karani wa mizani ya magome, mwaka wa tisa huu naenda kazini kwa miguu.

Kristofa amenipa chupa moja, ile pekee iliyofika hai. Ndani ni ngano iliyofunikwa utando mweupe. Nikadhani imeoza. Kumbe ndiyo mbegu yenyewe! Nafaka huchemshwa, hutiwa chupani, hufukizwa kwa mvuke hadi vijidudu vyote vife. Ikipoa, unatia punje chache za mbegu hii, na utando unatambaa wenyewe. Kazi ya mtoto.

Jumatano, 3 Novemba.

Mke wangu Ida yuko Tandala, anamwuguza dada yake. Mungu amponye dada, ila asiharakishe.

Nilitafuta nafaka nyumba nzima. Mahindi yana dumuzi. Nikainua macho juu ya jiko: kikapu cha mianzi kinaning'inia kwenye moshi. Ulezi! Punje nzito, zote sawasawa, hakuna hata mdudu mmoja. Nimeduwaa. Mwanamke ananipikia ugali wa mahindi mwaka mzima, kumbe ana ulezi wa namna hii!

Nimechemsha wote.

Ijumaa, 5 Novemba.

Nimeokota chupa nyuma ya klabu ya Wazungu. Za wiski, za jini. Njiani nikakutana na Methusela, jirani yangu na mzee wa kanisa. Ni mpinzani wangu pia, maana sote wawili tunautaka uongozi wa kwaya. Alinisalimu, "Kamwene," lakini macho yalikuwa kwenye gunia. Gunia likalia kling! Nikamwambia ni chupa za dawa. Akauliza dawa gani inanukia hivyo. Nikasema ya kifua.

Jumamosi, 6 Novemba.

Siku ya mvuke. Chupa kumi na mbili ndani ya pipa, maji chini, mfuniko juu, jiwe juu ya mfuniko. Kristofa alisema midomo izibwe kwa pamba ili hewa ipite. Nilitoa sufi ya mto wa Ida, ikatosha chupa kumi na moja. Ya kumi na mbili nikaigongea kizibo cha mti. Kwa nyundo.

Mlipuko! Chupa ya kizibo imepasuka, mfuniko umeruka juu ya nyasi za paa la Methusela, jiwe limetua kwenye migomba yake. Mkewe Dorkasi alitoka akipiga kelele kwamba vita vimerudi. Methusela alikuwa katikati ya sala. Aliurudisha mfuniko, akachungulia pipa, akaona ulezi, akaona chupa. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 8 Novemba.

Nimepanda. Mikono nimenawa kwa sabuni mara tatu, kijiko nimekichoma motoni mpaka kikawa chekundu. Kristofa alikataza kuzungumza au kupumulia chupa. Nilibana pumzi. Chupa ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu, salama. Ya nne nikapiga chafya ndani yake. Zilizobaki nilipanda kwa haraka, kamasi zikinitoka.

Mbegu inataka joto, na Njombe hii baridi inakata masikio. Nimezilaza chupa zote kitandani, nimezifunika blanketi la Ida. Mimi nalala chini.

Ijumaa, 19 Novemba.

Nimefunua blanketi. Chupa tatu nyeupe pepe kama pamba! Nilipiga magoti nikashukuru. Kisha nikaona zile nane. Kijani. Nyeusi. Moja ya rangi ya chungwa, sijawahi kuona kitu kama hicho katika uumbaji. Nyingine inatoa mapovu.

Wakati huohuo hodi! Methusela na wazee wawili wa kanisa. Wakakuta mwanamume peke yake, ulezi, chupa za wiski kitandani, na harufu. Nikawaambia ni uyoga. Mmoja akauliza uyoga uko wapi. Nikasema haujatokea. Wakatazamana. Wamechukua ile ya mapovu kama ushahidi. Jumapili naitwa mbele ya baraza. Mimi! Pombe! Mimi ambaye hata ulanzi wa mianzi naunusa tu!

Jumamosi, 20 Novemba.

Mvua kubwa imeanza. Ida amerudi pamoja nayo, dada amepona. Hata mzigo hakutua vizuri, akachukua jembe. Akainua macho juu ya jiko.

"Baba Fidelia," akaniita, "mbegu yangu iko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Ulezi. Ule alionipa mama siku naolewa. Ndio huohuo napanda na kuhifadhi kila mwaka."

Nilihisi sakafu imeondoka.

"Uko chupani," nikasema.

"Basi utoe."

"Nimeuchemsha."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa juu ya kinu, jembe mapajani, machozi yakamshuka bila sauti. Mama yake alifariki miaka sita iliyopita. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchemsha kitu kama hicho. Baadaye akasema neno moja tu: Dorkasi. Mwaka juzi Ida alimgawia kibaba cha mbegu ileile.

Dorkasi! Kwa Methusela! Afadhali nife.

Jumapili, 21 Novemba.

Baraza. Nilisimama. Ndipo Methusela akainuka na chupa yangu mkononi.

"Wazee wenzangu, nimeonja. Hii si pombe. Ni nafaka iliyooza. Tumwache ndugu yetu Lameki aende nyumbani."

Ameonja! Kwa ajili yangu! Tumbo lake linamsumbua tangu jana. Nilishtuka kuliko siku ya pipa. Kisha wakachagua kiongozi wa kwaya. Methusela, kwa sauti moja. Na mimi nilinyoosha mkono. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 22 Novemba.

Nilikwenda kuomba mbegu, hotuba ndefu nimeikariri. Sikufika katikati. Dorkasi alinipa vibaba viwili, Methusela akaongeza jembe la tatu na mikono yake mwenyewe. Tumepanda hadi adhuhuri. Ida amesema nami maneno manne. Nimeyahesabu.

Jumamosi, 27 Novemba. Makambako.

Nimeleta chupa zangu tatu hai, nimezifunga kifuani kama mtoto mchanga. Labda mama mwenye hoteli angekubali tatu kwa kuanzia!

Ua wa hoteli umejaa uyoga. Vikapu kwa vikapu! Mvua imeutoa porini, wanawake wanauleta wenyewe. Kristofa akaniambia mama ameuonja, ameapa hataki tena wa mkebe, na kitalu alichokusudia uyoga amekipanda vitunguu. Nikauliza baiskeli. Akanyoosha kidole barabarani. Mjane mmoja, Telesia, aliyeleta vikapu vya kwanza, alikuwa anaisukuma, vikapu mbele na nyuma, anapiga kengele bila sababu yoyote.

Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Jumapili, 28 Novemba. Makambako bado.

Lori limeharibika, nimelala jikoni kwa Kristofa. Asubuhi akanisimulia jambo la ajabu. Kuna mgeni Mfaransa hotelini. Anaulizia konokono. Wa kula! Nilimfanya Kristofa arudie mara tatu, nikadhani anatania. Kumbe kwao ni kitoweo cha wakubwa, na kwenye ghala la hoteli kuna cherehani ambayo mama mwenye hoteli yuko tayari kuitoa kwa atakayemletea ndoo nzima.

Konokono hawataki chupa. Hawataki moto. Wanataka majani laini tu. Methusela ana kabichi safu nne, zimegusana kabisa na ua wangu, na ni mtu mwema mno hata hatauliza.