Ombi la Kuvuliwa Sifa ya Mlipaji Bora

Kwa Msimamizi wa Malalamiko,
Ofisi ya Taarifa za Mikopo.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini u mzima na mafaili yako yametulia. Mimi ni fundi wa mageti. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nimekasirika.

Taarifa yenu inadai nilichukua mkopo wa vifaa vya kazi, nikaulipa miezi ishirini na minne bila kuchelewa hata siku moja. Huyo si mimi. Kuna mteja nilimcheleweshea geti mpaka akaziba ukuta na kupitia kwa jirani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anataka kukopa pikapu, na ameambiwa alete mdhamini mwenye rekodi safi. Ukoo mzima umenipata mimi. Jumamosi natakiwa kutia sahihi. Shemeji huyu ukimwazima mwavuli, nenda kanunue mwingine. Akishindwa kulipa, watabeba mashine yangu ya kuchomelea, zawadi ya mama mkwe, na bila hiyo nyumbani hatuli.

2. Kukataa siwezi. Kisingizio changu cha miaka yote, kwamba siaminiki, mmeninyang'anya bila hata kuniuliza.

3. Muuza vyuma, aliyekwisha kunikatia tamaa, ameanza kunidai upya.

Hivyo naomba mnisajili kuwa mdaiwa sugu kabla ya Jumamosi. Mkihitaji ushahidi, niko tayari kukopa kwenu leo na nisilipe. Mashahidi ninao pia, wakiongozwa na mwenye nyumba wangu, ambaye atakuja kwa nauli yake.

Wasalimie makarani wote, na mlinzi wenu pia. Geti lake linahitaji bawaba mpya.

Wako asiyeaminika,
Fundi Kesho

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Ule mkopo niliuchukua mimi kwa jina lako, ukatia sahihi bila kusoma. Ulidhani mashine ile mama alikupa bure?" Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akilipa kwa pesa zake za kusuka nywele, huku mimi nikimshukuru mama mkwe. Nimeona aibu, na nimempenda upya. Basi msifute kitu. Shemeji nimemweleza kwamba mlipaji hasa ni dada yake, akamwombe yeye dhamana. Tangu hapo anasema pikapu haikuwa ya lazima.