Ncha za Maboga ya Mama Perpetua

Jumatatu, 1 Machi 1976

Mkutano wa kijiji leo hapa Endasak. Bwana shamba Reginald katangaza: atakayevuna maboga mengi kwenye bustani ya nyumbani atakuwa msimamizi wa shamba la ujamaa. Msimamizi! Anapuliza filimbi, wengine wanalima! Filimbi hiyo ni yangu. Kikwazo ni jirani yangu, Mama Perpetua, mjane ambaye kila anachopanda kinaota. Reginald akasema dawa ya kukua ya mmea iko kwenye ncha. Wazo likanijia hapohapo. Nikatoka kabla hajamaliza.

Jumanne, 2 Machi

Nimemwamkia shikamoo Mama Perpetua, nikasema nyumbani hatuna mboga. Huku kwetu hakuna anayemnyima jirani majani ya maboga. Akaniambia nichume mwenyewe. Nimechuma ncha tupu, kila mche, dawa yote ikaondoka nazo! Mke wangu Ludovika kazipika kwa maziwa. Tamu ajabu. Akauliza kwa nini tunaomba wakati ya kwetu yamejaa. Nimempiga marufuku kuyagusa.

Alhamisi, 25 Machi

Bado nachuma. Mama Perpetua anasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemtembelea hivi. Akaniombea baraka. Nikaona aibu kidogo. Halafu nikatazama bustani yangu: mche mmoja umevuka ua na kupanda choo! Aibu ikaisha.

Jumamosi, 8 Mei

Balaa! Kwa Mama Perpetua, kila nilipokata pametoka matawi, na matawi yamebeba maboga. Kwangu kamba ndefu tu, na boga moja juu ya paa la choo. Filimbi kapewa yeye! Tena akanishukuru mbele ya watu wote kwa kumchumia. Ludovika alicheka mpaka akakaa chini.

Reginald akafafanua: dawa ya ncha huvizuia vichipukizi vya pembeni; ncha ikikatwa, vinaamka. Kumbe! Siri ni kukata! Na msimamizi wa ghala bado hajapatikana, atakuwa mwenye mahindi mengi! Reginald akaanza kusema, "Lakini mahindi..." Sikumsubiri. Nikakimbia nyumbani, nikachukua panga, na kabla jua halijazama nimekata vichwa vya mahindi yote. Shamba zima!

Ludovika amesimama shambani, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Furaha imemzidi. Mimi nasubiri matawi.