Misumari ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei
Baba yake Mkutubi anaezeka nyumba Jumamosi. (Mkutubi ndiye nitakayemwoa, ingawa bado hajaambiwa.) Fundi Umeme, naye anamnyemelea binti, kajitolea kuvuta nyaya bure. Hapana! Nikatangaza misumari yote ya paa juu yangu. Mzee akauliza kama nina hakika. Nikajipiga kifua mpaka nikakohoa.

Jumanne, 5 Mei
Madukani misumari haishikiki. Nimeingia duka la mtandaoni. Kiingereza kitupu! Sijali. Msumari ni "nail", nalijua tangu shule ya msingi. Nikaandika "nails". Lo, bei ya kutupa! Maelezo: imara, inang'aa, inadumu wiki mbili. Paa la wiki mbili? Kosa la uchapaji. Walitaka kuandika miaka mia mbili. Nimeagiza katoni nzima.

Ijumaa, 8 Mei
Katoni imefika. Nyepesi ajabu. Teknolojia hiyo! Sijaifungua. Nimeifunga utepe mwekundu, nionekane mtu wa maana.

Jumamosi, 9 Mei
Aibu.
Mafundi juu, mabati tayari, wingu limetanda. Mzee akakata utepe mbele ya ukoo mzima. Kucha! Kucha za bandia, za rangi ya waridi, zinametameta! Fundi Umeme alicheka mpaka akashikilia ngazi. Binti akanieleza kwa upole kwamba "nail" ni msumari, na ni ukucha vilevile. Nikamuuliza, sasa Waingereza wanajuaje wagongelee kipi? Akasema wanasoma sentensi nzima.
Mvua ikashuka. Fundi Umeme akachomoka na pikipiki, akarudi na misumari. Mzee akamwita "mwanangu". Mimi ananiita "wewe".

Jumapili, 10 Mei
Sikati tamaa. Kucha nimezipeleka saluni. Mwenye saluni kazipenda zote, akanipigia makofi: "You nailed it!" Nikaficha mikono mfukoni. Nani kapigiliwa? Binti, aliyekuwa anasukwa pale, akasema maana yake nimepatia barabara. Maana ya tatu hiyo! Neno moja, kazi tatu, kama kibarua. Binti akacheka, lakini si kile kicheko cha Fundi Umeme. Akanisihi nisiagize tena kitu kwa Kiingereza kabla ya kumuuliza. Nikaahidi. Moyo unadunda hadi sasa.

Jumatatu, 11 Mei
Mzee anataka tangi la maji lipandishwe juu ya mnara. Fundi Umeme ataleta kamba. Kamba! Mimi naleta winchi ya kunyanyulia. Kumsumbua binti kwa jambo dogo hivi sikuona sababu. Nimetazama kamusi mwenyewe: winchi ni "crane". Kulikuwa na maana ya pili chini yake. Nikafunga kitabu upesi isije ikanichanganya. Nimeagiza moja kubwa.
Kwenye picha wameweka ndege mwenye miguu mirefu. Nembo ya kampuni, bila shaka. Muuzaji kauliza kama tuna bwawa karibu. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, tuna tangi zima.
Inafika Alhamisi. Mzee ataniita mwanangu.