Hotuba ya Mwenyekiti Kathuri Kuhusu Choo ya Wachimbaji wa Siakago

Mheshimiwa mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, pastor uliyetuombea kwa urefu, chifu na askari wa chifu, Daktari Mithika bingwa wa kuchimbua vyungu vya wazee wa kale, mama Karambu na akina mama wa kuchekecha mchanga, wanaume wa majembe, na mimi mwenyewe Kathuri, mwenyekiti wa kamati ya maslahi ya wafanyakazi hapa saiti ya Siakago: hamjambo? Nasema tena, hamjambo! (Mmoja anakohoa.)

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini toka Kibirichia kwenye viazi mpaka Makutano kwenye malori, uliza ni nani analeta maendeleo, utaambiwa Kathuri, na mwenye atakataa, huyo hanijui.

Nimeskia mama Karambu na wenzake wameweka chekeche chini leo asubuhi, ati hawagusi kazi mpaka waone choo ya wanawake, yenye mlango na kufuli ya ndani. (Karambu: "Na tumeweka kweli, mwenyekiti!") Pole pole, mama. Hiyo choo iko! Iko kwa implementation. Tulifanya feasibility study, tukaenda benchmarking, yaani kuangalia choo za wenzetu, Embu siku tatu kwa hoteli, na asilimia tisini na saba ya stakeholders, yaani mimi na Muchangi, katibu wangu, tukaona gender iko sawa kabisa, kwa maana wanaume wako na kichaka ya juu na wanawake kichaka ya chini. (Wanaume wanapiga makofi. Wanawake wanawageukia. Makofi yanaisha.)

Na mtu asiseme hatukuchimba! Shimo ya kwanza, futi nne, ikatoa vipande vya chungu. Daktari akazungusha kamba, akasema hiyo si choo tena, ni historia. Tukasonga hatua kumi, ya pili ikatoa mafiga, kamba. Ya tatu ikatoa mifupa ya ng'ombe aliyekufa kabla babu yangu azaliwe, kamba! Hii Mbeere ukitafuta choo unapata mababu. (Karambu: "Si mchimbe kule kwa Mbae, jirani?") Mama, kwa Mbae ni nje ya saiti, na bajeti inasema choo ya saiti ikae saiti. Hiyo inaitwa compliance. (Mzee Mbae anasimama: "Nilikupea hiyo kona bure, hata hukuja kuiangalia!") Asante mzee, hoja yako imepokelewa, itaenda sub-committee.

Sasa, nikisema "Usafi!" mnajibu "Juu!" Usafi! (Muchangi peke yake: "Juu!")

Mwisho kabisa, nashukuru mama Karambu na wenzake wanne, kwa vile uji niliyokaribishwa nayo hapa iliponishika tumbo kabla ya hotuba, walisimama kwenye nyasi wakanizungushia leso zao mpaka nikamaliza, maana mtu wa cheo yangu hawezi kuonekana kichakani. Hiyo ndiyo facility bora nimewahi kutumia kwa hii saiti, na ndiyo peke yake. (Wanawake wanainuka, wanakunja leso, wanashika njia ya kwenda Siakago mjini.)

Mama Karambu! Mnaenda na leso zote? Acheni hata mbili! Ngojeni basi, hiyo uji bado haijamalizana na mimi!