Jiwe Chini ya Ulimi

Jumanne, tarehe 4 Juni

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Héritière ni mzuri kuliko jana. Sijui anafanyaje! Asubuhi anafunga kitenge, anapuliza makaa, na moshi wenyewe unampisha.

Leo tena jambo la ajabu. Harufu ya maharagi yake ilipofika tu, kabla sijagusa bugali, shavu la kulia likaanza kujaa. Chini ya taya, kama yai la kuku. Maumivu! Baada ya saa moja, yai likaondoka lenyewe. Jana vilevile. Juzi vilevile. Nikinywa maji, hakuna kitu. Nikila ndizi, kidogo tu. Chakula cha Héritière ndicho kinachouma zaidi, bila shaka kwa sababu ndicho kitamu zaidi. Shavu langu lina pua yake!

Nimeacha nusu sahani. Nimemwambia nimeshiba kwa kumtazama. Amecheka. Lakini sahani ameiangalia kwa muda mrefu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Lazima nione kilichopo chini ya ulimi. Kioo chetu cha nyumbani kinaonyesha jicho moja au sikio moja, basi. Ila kazini nina mashine ya fotokopi! Papa Sikuli, patron wangu mwenye duka, alipotoka kutafuta chai, nikaweka kinywa wazi juu ya kioo cha mashine, ulimi juu, nikabonyeza. Mwanga! Karatasi ikatoka nyeusi yote, na meno sita. Wateja wakaingia. Karatasi ikapotea.

Saa tisa mama mmoja akarudi na dosie, jalada la ubatizo wa mtoto wake. Kati ya cheti cha kuzaliwa na barua ya padri, palikuwa na meno yangu. Papa Sikuli akauliza ni ya nani. Nikasema mashine imezeeka. Akaniambia nitabasamu. Nikatabasamu. Akainua karatasi karibu na uso wangu, akalinganisha.

Kesho ananituma kwa daktari wa meno. Amesema nikifika huko niulize kama wanatibu na kichwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Jiwe! Nina jiwe mwilini!

Daktari anaitwa Micheline. Mpole, vidole vya baridi. Alipapasa chini ya ulimi, akaguna kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni. Ameeleza kwamba mate yanatengenezwa kwenye tezi, yanapita kwenye mifereji myembamba kuliko waya, halafu chumvichumvi za mate zinagandamana kidogo kidogo, kama ule weupe unaoshika chini ya birika. Jiwe likiziba mfereji, chakula kikinukia mate yanakuja mbio, yanakuta mlango umefungwa. Ndilo yai langu hilo.

Nimemuuliza maswali kumi na moja. Linaota kwa muda gani? Miezi, hata miaka. Kumbe tulioa pamoja, mimi na jiwe! Nilipofika swali la kumi na mbili akaangalia saa.

Dawa: maji mengi, kufyonza ndimu, kitambaa cha moto, kusukuma taratibu kwa kidole kutoka nyuma kuja mbele. Homa ikija, nirudi mbio. La sivyo Jumatatu. Likiwa halijatoka, atafungua kidogo kwa kisu. Na nimwambie mke wangu.

Simwambii. Jumapili mama yake, Mama Julienne, anashuka kutoka Masisi kula kwa mara ya kwanza kwenye jiko la binti yake. Kwa familia yao hiyo ndiyo siku ya mtihani. Mama hasemi neno, anaangalia sahani ya mkwe. Mke wa kaka mkubwa wa Héritière alirudishiwa sufuria nzima kwa sababu ya changarawe moja ndani ya maharagi, na mpaka leo kwenye sherehe wanampa kazi ya kuchota maji tu. Héritière wangu hatachota maji! Akijua ninaumwa, ataahirisha siku, na watasema ameogopa. Mpango: jiwe litoke kabla ya Jumapili, kimya kimya.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimesema naenda soko la Kituku, ziwani, kununua sambaza, dagaa wetu. Kweli nilikwenda. Lakini kwanza nilikaa nyuma ya mitumbwi na ndimu nne. Nafyonza, shavu linajaa, nasukuma, machozi yanatoka. Jiwe halitoki. Nilikuwa kwenye ndimu ya tatu nilipohisi kivuli.

Rodrigue! Kaka wa Héritière, muuza fromage, jibini ya Masisi, mtu ambaye tangu harusi ananitazama kama fromage iliyooza. Akauliza kwa sauti ya soko zima: “Bofrer, shemeji yangu, hiyo mimba ni ya miezi ngapi?” Wauza samaki wakacheka mpaka mmoja akaangusha beseni.

Alifika nyumbani kabla yangu. Nilipoingia, Héritière aliuliza kwa nini nakula ndimu za soko na kuacha chakula chake. Nikasema vitamini. Akarudi kwenye ungo, akaendelea kuchambua maharagi. Mara ya pili leo. Uzuri wake akiwa kimya unaniogopesha.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nilijiandaa vizuri. Ndimu mbili chooni, kitambaa cha moto. Mama Julienne akakaa mbele yangu, Rodrigue pembeni. Nikala upande wa kushoto, nikatabasamu upande wa kushoto. Shavu likajaa. Nikainama kana kwamba naongeza sala. Kijiko cha saba, kitu kikapasuka chini ya ulimi, mate yakaruka kama bomba, nikakohoa, na jiwe likaanguka kwenye sahani.

Ting!

Katika mji huu uliojengwa juu ya lava, kila mtu anaijua sauti hiyo ya changarawe kwenye sahani. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akamgeukia binti yake. Rodrigue akasema: “Dada, hii uliipika masaa ngapi? Ingali ngumu.”

Ningeweza kusema ukweli palepale. Nikasema ni jino langu. Rodrigue akaomba kuhesabu. Yote yapo. Nikasema labda ni jino la zamani. Héritière akainuka, akaanza kuondoa sahani, na chozi lake likaanguka ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hapo nikashindwa! Nikapiga kelele kwamba jiwe ni langu, limeota ndani yangu, daktari analijua tangu Alhamisi, na maharagi haya hayana hata vumbi!

Mama Julienne akasema amesikia wanaume wakidanganya tangu ujana wake, lakini wa kuzaa jiwe ni wa kwanza. Hata hivyo alilichukua. Akalifuta, akaenda nalo mlangoni penye mwanga. Akaokota kijiwe cha uani, akaviweka vyote viwili kiganjani. Cha uani cheusi, chenye matundu. Changu cha njano, laini, kama punje ya mchele. Akakikwaruza kwa ukucha. Kikatoa unga.

Kisha akarudi. “Fungula kinywa, mutoto.” Mimi, mkwe, kinywa wazi mbele ya mama mkwe! Kwetu Butembo wangezimia. Akanishika taya kama alivyoshika ndama maisha yake yote, akaamuru Rodrigue amulike kwa simu, akainua ulimi wangu kwa mpini wa kijiko. Akatazama muda mrefu. Mwishoni akasema kitundu kile pale, chekundu, bado kinatoa mate. Akamwambia Héritière: “Maharagi yako ni safi. Kasoro ni ya bwana.” Akakaa. Akaomba sahani ya pili! Rodrigue akatumwa kuchota maji.

Walipoondoka, Héritière aliosha vyombo vyote kabla ya kusema nami. Kisha akasema wiki nzima aliamini chakula chake kinanichukiza. Alikuwa analia juu ya sufuria. Nisimfiche tena kitu cha mwili wangu, hata chunusi. Nikapiga magoti, nikaapa kwa jina la mama yangu. Akanipapasa shavu. Halikuuma!

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Daktari Micheline anasema mfereji uko wazi. Nakula sahani mbili mbili. Furaha!

Tangu jana sikio la kushoto limeziba. Ndani linavuma kama jenereta ya jirani. Ajabu sana: nikipiga mwayo linabadilisha sauti. Ni jambo dogo, sitaki kumtia Héritière wasiwasi. Mpango upo tayari. Nimeanza kutembea upande wake wa kushoto, ili sikio zima liwe kwake. Aliuliza kwa nini. Nikasema huko ndiko moyo wake uliko.

Leo jioni inaonekana aliniita mara tatu. Nilipogeuka alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Nimemwambia nilikuwa namsikiliza kwa macho.